Namna ya Kumbeba

Nakwa, Babati
19 Februari 1984

Dada Philomena,

Shikamoo. Gari la misheni lilipoondoka na Bernadeta nilisimama barabarani mpaka vumbi likatua, ndipo nikakumbuka kwamba sikumwambia dereva apunguze mwendo kwenye makorongo ya Magugu. Niambie kama mtoto alifika mzima. Nasema mzima kwa namna yake.

Wewe ni nesi, lakini umekaa Moshi muda mrefu na mengi ya mtoto huyu hujayaona kwa macho. Hapendi kunyanyuliwa na mtu asiyemjua. Akisema "ngoja", mngoje, usidhani anadeka. Ana miaka kumi na mmoja, ila kwa kimo chake watu humdhani mtoto wa chekechea na huzungumza mbele yake kama vile hasikii. Anasikia yote. Shule aliacha darasa la tatu. Baba yake alikuwa akimpeleka kwa kumbeba mgongoni, na siku moja paja likavunjika palepale mgongoni bila yeye kuanguka.

Huku mvua ilianza ikakatika. Kwenye duka la kijiji tunapanga foleni ya sabuni, na ukifika mbele unaambiwa rudi kesho. Tunakula unga wa Yanga, ule wa njano wa msaada, na mdogo wake Melkiadi bado anaununia. Siandiki haya ili unitumie kitu. Nataka ujue kwamba nimekupa mtoto kwa sababu ya tumaini, si kwa sababu ya njaa.

Kijiji kizima kinajua Bernadeta amekwenda kutibiwa mifupa. Padri alimtaja kwenye maombi. Hata mama mkwe wangu, Bibi Xaveria, ambaye siku zote amesema mkono wangu ni mzito na ndio unaomvunja mtoto, safari hii alinyamaza, akaleta kibuyu cha maziwa ya njiani. Dawa ikianza kumshika, usisubiri kuandika barua ndefu. Mstari mmoja unatosha.

Mdogo wako,
Paskalina


Moshi
11 Machi 1984

Mpendwa Paskalina,

Marahaba, mdogo wangu. Mtoto alifika salama. Dereva alikuwa amemtandikia godoro nyuma, na anasema Bernadeta ndiye aliyekuwa akimwelekeza wapi aende polepole.

Amelazwa kwenye wodi ya watoto hapahapa ninapofanya kazi, kitanda cha karibu na dirisha. Anapata uji wenye maziwa asubuhi na mchana anapata maharage, na mashavu yameanza kujaa. Anayemshughulikia ni Daktari Herieli, kijana wa Machame aliyesomea ng'ambo mambo ya mifupa. Anakusanya watoto wenye hali kama ya Bernadeta kutoka mikoa yetu ya kaskazini, na kwa kuwa ni wachache mno, alifurahi sana kumpata. Amekwisha kumpiga picha za eksirei mwili mzima, amempima damu na mkojo.

Mambo ya mifupa huchukua muda mrefu, Paskalina, kwa hiyo usikae ukihesabu wiki. Mwachie daktari afanye kazi yake.

Katika barua yako hukusema neno juu yako mwenyewe. U mzima?

Dada yako,
Philomena


Wodi ya watoto, Moshi
25 Machi 1984

Mama mpendwa,

Shikamoo. Baba shikamoo. Bibi shikamoo. Melkiadi hujambo.

Mimi sijambo. Kitanda cha pili kuna msichana anaitwa Mosi, ametoka Same, ni mkubwa kuliko mimi. Mama, mifupa yake ni kama yangu. Macho yake pia ni kama yangu, ile sehemu nyeupe ni ya bluu. Nilipomwona nilimkodolea macho naye akanikodolea, halafu tukacheka mpaka nesi akaja. Sikujua kama yuko mwingine.

Daktari Herieli hupima urefu wa mikono yangu kwa utepe wa fundi cherehani. Huuliza maswali mengi. Meno yalitoka lini, nilivunjika mara ya kwanza nikifanya nini. Nikamwambia hayo akuulize wewe. Dawa sijapewa ila ya minyoo. Mosi anasema dawa haipo, yeye yuko hapa tangu mwaka juzi. Nilimuuliza Mama Mkubwa kama ni kweli, akasema nile uji wangu usipoe.

Mkono wa kushoto ulivunjika kidogo. Nesi mgeni alinivuta ili nikae. Alilia kuliko mimi. Mama Mkubwa alisema nisikuandikie habari hiyo maana utahangaika, lakini umeshaanza kupona, kwa hiyo usihangaike.

Wako,
Bernadeta


Nakwa, Babati
15 Aprili 1984

Dada,

Shikamoo. Redio ya jirani tangu juzi inapiga nyimbo za maombolezo ya Waziri Mkuu, na watu wanatembea wameinamisha vichwa. Mimi nina langu.

Nimepata barua ya Bernadeta. Nimeisoma, nikampa baba yake, Isidori, akaisoma, nikaichukua tena nikaisoma mwenyewe kwenye shamba la mbaazi ambako hakuna wa kunitazama. Nakuuliza swali moja na nataka jibu lake tu. Mwanangu anatibiwa au hatibiwi?

Kama anatibiwa, iko wapi dawa? Kama hatibiwi, utepe wa fundi cherehani ni wa nini? Na mkono ulipovunjika, nani alikupa ruhusa ya kumfundisha mtoto kunificha? Hapa nyumbani akivunjika najua siku hiyohiyo, maana mimi ndiye ninayemshika.

Jana Bibi Xaveria aliniuliza kama mtoto ameanza kusimama. Nilimwambia bado kidogo. Nimesema uongo kwa ajili yako, dada, na sikujua kama ni uongo.

Paskalina


Moshi
6 Mei 1984

Mdogo wangu,

Hatibiwi. Dawa ya ugonjwa huu haipo, hapa wala Ulaya. Anachofanya Daktari Herieli ni utafiti. Anataka kujua mifupa hii imeumbwaje hata ikavunjika kama vijiti vikavu, kwa nini macho yanakuwa ya bluu, kwa nini hutokea kwenye nyumba hii na si ile. Akiungua mtu tunampaka dawa. Kwa hawa tunawafunga plasta, tunangoja, tunawapiga picha, tunaandika.

Sikukuambia hivyo mwanzoni, kwa sababu ningekuambia usingemtoa. Na mimi nilitaka umtoe. Nilikuja kwenu Krismasi nikaona paja lake limefungwa kwa mabanzi na vitambaa vya kanga, kwa kuwa hospitali ya huko ilikuwa imeishiwa plasta, na linaunga likiwa limepinda kama mpini wa jembe la zamani. Huku angalau plasta ilikuwepo. Maziwa yalikuwepo. Wewe ulisikia neno "daktari wa mifupa", ukajazia yaliyobaki mwenyewe, nami nikakuacha ujazie.

Kuna jambo jingine, na hili sitalizungusha. Daktari anataka kumpasua paja alinyooshe, liweze kukaa vizuri. Siku hiyohiyo angependa kuchukua kipande kidogo cha mfupa wa nyonga akakitazame kwenye hadubini na kingine akipeleke kwa wenzake ng'ambo. Kunyoosha paja ni kwa faida ya Bernadeta. Kipande cha mfupa ni kwa ajili ya utafiti. Hawezi kukigusa bila wewe na Isidori kukubali. Niandikie mnaonaje.

Philomena


Nakwa, Babati
27 Mei 1984

Dada Philomena,

Mtoto ambaye mifupa haimtoshi, mnataka kumpunguzia mfupa.

Jibu langu ni hapana. Mwambie daktari wako kwamba mtoto wangu si shamba la majaribio la Wizara ya Kilimo, kwamba leo mnapanda hiki kesho mnang'oa. Miaka yote nimemlinda asivunjwe na mlango, na kuku, na mtoto mwenzake, na upendo wa watu wanaotaka kumkumbatia. Sasa aje msomi amvunje kwa kisu na mimi nitie sahihi?

Mpeleke stendi ukipata mtu wa kuaminika, au umwombe Padri gari likija huko. Ningekuja mwenyewe, lakini siwezi kusafiri kwa sasa. Petroli hakuna, mabasi hayana uhakika, na mimi sijisikii vizuri. Ni uchovu tu.

Narudia, mrudishe.

Paskalina


Nakwa, Babati
3 Juni 1984

Shemeji Philomena,

Salaam. Mimi si mwandishi wa barua. Naandika hii nikiwa mjini kwenye mashine ya kusaga, mke wangu hajui.

Si uchovu. Mama Bernadeta ana mimba, na sasa imekuwa kubwa, hata majirani wanaiona. Amenikataza kukuambia. Halali vizuri. Kila mtoto akicheza tumboni anakaza mwili wote, kisha ananiuliza, "Umesikia kitu?" Anadhani atasikia mfupa ukivunjika.

Naomba umuulize daktari kwa ajili yangu. Huyu atakuwa kama Bernadeta? Melkiadi alitoka mzima, kwa hiyo nilidhani yale yamepita. Na muulize kama ni kosa la mama. Mama yangu mzazi amesema hivyo tangu zamani, nami nilikaa kimya kwa kuwa ni mama yangu.

Kuhusu huo mfupa, sijui. Tukikataa watamfukuza Bernadeta hospitali? Huku hali ni mbaya. Nakuomba usimrudishe kwanza.

Shemeji yako,
Isidori


Moshi
20 Juni 1984

Ndugu Isidori na Mama Bernadeta,

Nesi Philomena amenipa maswali yenu. Ndugu Isidori, nilimwambia kwamba sitajibu nusu ya nyumba kwa siri, kwa hiyo barua hii ni ya wote wawili. Nisameheni kama nimeleta ugomvi.

Mmeuliza kama mtoto anayekuja atakuwa kama Bernadeta. Sijui. Nimeona nyumba zenye mtoto mmoja tu wa hali hii, nimeona zenye wawili, na wazazi wakiwa wazima kabisa. Hilo ni moja ya mambo ninayoyatafutia jibu, na sijalipata. Mtu akiwaambia anajua, mwulizeni amejuaje.

Mmeuliza kama ni kosa la mama. Hapana. Nimeona picha za watoto waliozaliwa wakiwa wameshavunjika, kabla ya mkono wa mtu yeyote kuwagusa. Mama Bernadeta, mkono wako hauhusiki. Ndugu Isidori, ningeshukuru kama sehemu hii utaisoma kwa sauti mbele ya mama yako.

Mkikataa mfupa, Bernadeta hafukuzwi. Paja nitalinyoosha na chakula atakula kama wengine. Kipande ninachoomba ni kama punje ya mahindi. Hakitamsaidia yeye. Pengine hakitamsaidia mtu yeyote nikiwa ningali hai. Ningewadanganya kama ningesema vinginevyo, na naona mmekwisha kudanganywa vya kutosha kwa nia njema.

Mwisho, Mama Bernadeta asijifungulie nyumbani. Mkunga asimvute mtoto mikono wala miguu, asimning'inize kichwa chini ili alie. Ampokee kwa viganja viwili, amlaze kwenye pamba au kanga iliyokunjwa. Ukurasa huu apewe mkunga mwenyewe asome.

Wenu,
Dk. Herieli


Wodi ya watoto, Moshi
24 Juni 1984

Mama,

Shikamoo. Mama Mkubwa ameniambia una mtoto tumboni. Mbona hukuniambia, na mimi ndiye mkubwa?

Nimemwambia Daktari kwamba yale aliyoandika ni ya siku ya kuzaliwa tu, kwamba ziko siku nyingine nyingi baada ya hapo. Akasema niandike mimi. Kwa hiyo mama sikiliza, kama mtoto ana mifupa yetu.

Usimshike kwapani ukamnyanyua. Mbavu zinabanwa. Ingiza mkono mmoja chini ya makalio na mwingine nyuma ya shingo, vidole uvitawanye, halafu mnyanyue wote kwa pamoja kama unavyotoa mkate wa moto. Ukimbadilisha nepi usimwinue kwa miguu. Mviringishe taratibu. Nguo ifunguke mbele, usimvute mkono kuupitisha kwenye mkono wa nguo. Ingiza wako wewe kwanza, uukaribishe wa kwake. Usimfunge mgongoni na kanga. Najua ni vigumu, utalimaje? Sijui, mama. Hilo sijalijua.

Akilia ghafla halafu akanyamaza ghafla, pale ndipo umtazame. Kulia sana si kitu. Mimi nikinyamaza ndipo pameuma kweli.

Kuhusu mfupa, Daktari aliniuliza mwenyewe. Nikamuuliza kama itauma. Akasema ndiyo, itauma siku kadhaa. Wengine wote husema haiumi. Mosi walimchukua wake na kovu ni dogo. Mimi nakubali, mama, maana nataka mtu aangalie ndani aseme kuna nini. Lakini nimemwambia asubiri neno lako.

Bernadeta


Nakwa, Babati
15 Julai 1984

Dada Philomena,

Shikamoo. Nilimkasirikia Isidori siku mbili, kisha nikachoka. Barua ya daktari aliisoma mbele ya mama yake kama alivyoagizwa. Alisimama mlangoni kama mtoto anayesoma risala, na alipofika penye "mkono wako hauhusiki" ikabidi aanze upya. Bibi Xaveria alikuwa anapepeta mtama. Hakuacha kupepeta. Baadaye akasema, "Basi ni Mungu," akaingia ndani. Hakuniomba radhi, na sikutegemea. Lakini tangu siku ile kuni analeta yeye.

Nilikuficha mimba kwa sababu nilijua utauliza kwa nini nimebeba tena. Na jingine, niliogopa mtoto ataingizwa kwenye utafiti kabla hajazaliwa, apewe namba kabla ya jina. Sasa unajua.

Maneno ya Bernadeta nimeyafanyia mazoezi. Nilivika boga nguo ya zamani ya Melkiadi, nikawa nalinyanyua kwa viganja. Isidori akanikuta. Sikumweleza kitu, naye hakucheka, alinawa mikono akajaribu. Ana mikono mizuri kuliko nilivyodhani. Lakini nilipoliweka boga chini nilikumbuka namna nilivyokuwa nikimnyanyua Bernadeta kwa kwapa, kila asubuhi, kumwogesha. Alikuwa ananyamaza. Nilidhani amezoea maji.

Tumekubali mfupa. Sahihi zetu mbili zimo ndani ya bahasha. Nimekubali kwa sababu yeye mwenyewe ametaka, na kwa sababu huyo daktari ni mtu wa kwanza kuniambia "sijui". Ila nina sharti. Akikiona alichokiona kwenye hiyo hadubini, aniandikie mimi, kwa Kiswahili, hata kama si kitu.

Paskalina


Moshi
19 Agosti 1984

Mdogo wangu Paskalina,

Nimeanza barua hii mara kadhaa nikaichana.

Operesheni haikufanyika. Wiki ile ile sahihi zenu zilipofika, filamu za eksirei zilikwisha, na bila picha daktari hawezi kukata mfupa. Tukaambiwa zitakuja kutoka Dar es Salaam. Halafu dawa ya usingizi ikabaki kidogo, ikawekwa kwa ajili ya akina mama wanaojifungua kwa kupasuliwa na majeruhi wa ajali tu. Fedha za kigeni hakuna, ndivyo tunavyojibiwa. Bernadeta alikuwa amejiandaa. Alikuwa amesuka nywele.

Juzi Daktari Herieli alipata uhamisho. Anakwenda kusini, wilaya ambayo haina daktari hata mmoja, na huko atatibu malaria na kuharisha kama wengine. Picha zote alizokusanya zimefungwa kwenye makasha. Alimuaga Bernadeta kwa mkono, kidole kimoja tu, kama anavyopenda. Alimwambia, "Mfupa wako kaa nao." Bernadeta akamjibu, "Si ulisema utaangalia?" Nikaenda kushughulika na chati nisiwatazame.

Wodi inapunguzwa. Gari la misheni likija mwezi huu mtoto atarudi kwenu na paja lake lilivyo. Mosi naye amechukuliwa na ndugu zake. Hawakuagana vizuri, Mosi alikuwa amelala.

Nilikutoa mtoto mikononi, nikakupa uamuzi mzito, na sasa nakurudishia mtoto yuleyule. Mashavu yamejaa, hilo tu ndilo ninaloweza kusema. Siku zako zimekaribia. Nenda hospitali mapema, na ile karatasi usiisahau.

Dada yako,
Philomena


Nakwa, Babati
2 Septemba 1984

Shemeji Philomena,

Salaam. Mama Bernadeta amejifungua mtoto wa kiume. Tumempa jina Sylvesta. Wako hai wote wawili.

Uchungu ulimshika mchana tukiwa shambani. Nilimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Gidabuday, jirani yetu, mpaka mjini. Mkunga alikuwa mama mtu mzima. Nilimpa karatasi ya daktari nikaogopa atanitukana. Aliisoma, akaniuliza, "Huyu aliyeandika yuko wapi?" Nikasema amehamishwa. Akaikunja akaiweka mfukoni, akaenda kunawa.

Mimi nilikuwa nje ya dirisha. Sikusikia mtoto akilia. Nilisikia mkunga akisema, "Taratibu, taratibu, msimvute," kisha kimya, nikajua ni mifupa ileile. Halafu akalia.

Alipofumbua macho, yale meupe yalikuwa ya bluu. Mama Bernadeta alimtazama, akasema, "Haya. Karibu." Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika kwenye kuzaliwa, mkunga amesema utaunga. Mingine mizima.

Bernadeta alifika siku iliyofuata. Tumemweka mkekani karibu na mama yake. Hakuna anayemshika Sylvesta kabla ya Bernadeta kumfundisha, hata mimi, hata mama yangu. Mama yangu aliambiwa arudie. Akarudia.

Isidori


Nakwa, Babati
11 Novemba 1984

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Mama anasema nikuandikie mimi, yeye yuko kwenye kupanda. Mvua imekuja.

Sylvesta anakua. Bega limeunga likaacha kinundu. Anacheka akimwona Melkiadi. Mama akienda shamba, huwa namtunza mimi, nikikaa mkekani nimeegemea ukuta, naye yuko mapajani kwenye mto, na Bibi yuko karibu kwa kazi za kusimama. Mkunga wa mjini alimtuma mama mmoja kutoka Mutuka aje hapa na mtoto wake. Yule mtoto hana mifupa yetu, ana miguu iliyopinda tu. Nilimwambia mama yake hivyo, lakini akakaa mpaka jioni akitazama ninavyofanya.

Sasa nikuambie jambo la Alhamisi.

Alikuwa mapajani pangu. Sikuwa namnyanyua. Nilikuwa nimeweka kiganja chini ya kichwa na kingine chini ya makalio, kama siku zote. Inzi akamtua usoni, yeye mwenyewe akarusha mkono. Nikasikia. Ile sauti naijua, Mama Mkubwa, ni ndogo, wewe huwezi kuisikia. Akalia, halafu akanyamaza.

Bibi alikuwa anachambua maharage. Alinitazama mimi, akatazama mikono yangu. Nikasema, "Bibi, sikufanya kitu." Akaendelea kuitazama mikono yangu. Nikasema tena. Nilisema mara nyingi mpaka nikawa napiga kelele, na Melkiadi akakimbia kumwita mama shambani.

Mama alikuja na matope mpaka magotini. Nilianza kumweleza: kiganja kilikuwa hapa, kingine hapa, kichwa kilikuwa hivi. Hakunisikiliza mpaka mwisho. Alinawa, akamchukua Sylvesta kwa ile namna, akatafuta mkono uliovunjika akauona, akaufunga kwa kipande cha boksi la sabuni na kitambaa. Bibi alimshikia kitambaa. Akamwambia mama, "Miaka yote ile nilikuwa nakutazama hivi hivi." Mama akasema, "Shika hapo, mama, usilegeze."

Alipomaliza, Sylvesta alikuwa anataka kulala. Mama akaja naye kwangu. Nikaweka mikono nyuma ya mgongo. Nikamwambia ampe Bibi, ampe mtu yeyote, mimi simtaki tena. Mama akachutama mbele yangu, yale matope yakawa yanakauka miguuni, akasema, "Mimi narudi kupanda, mvua haingoji. Toa mikono."

Nikatoa. Akamweka.

Nilikaa bila kusogea mpaka akalala. Tangu hapo namshika kila siku, na bado naogopa. Mama anasema yeye pia alikuwa anaogopa kila siku, ila kulikuwa na kuoga na kula, kwa hiyo alifanya.

Ukimwona mtu anayekwenda kusini, mwambie amwambie Daktari Herieli kwamba Sylvesta ana yale macho, na kwamba mfupa wangu bado ninao, akiuhitaji. Na kama unajua anakoishi Mosi huko Same, niandikie.

Sasa hivi Sylvesta amelala kwenye mkono wangu wa kulia, nisamehe mwandiko, naandika kwa wa kushoto.

Mwanao,
Bernadeta